Kompyuta Haijachoka, Inasubiri

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, kabla sijasema lolote naomba nibonyeze kitufe kimoja. Kompyuta mpakato hii hapa mezani ni ya siku nyingi. Jalada limekwaruzika, herufi mbili zimefutika kwenye kibodi, lakini ni nzima. Haya, nimeiwasha. Tuiache ihangaike, sisi tuzungumze, tutaitazama baadaye.

Mashine kama hii husemwa mengi. Imezeeka. Imeingiwa na virusi. Haifai tena, tafuta nyingine. Mwenye nayo huiwasha, akaenda kuoga, akarudi na kukuta kile kiduara bado kinazunguka. Virusi ndivyo vinavyosingiziwa zaidi, na watu hununua programu za kuvisaka, ambazo nazo huizidishia mashine mzigo. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Tatizo limo humohumo ndani tangu mashine ilipotoka kiwandani, nalo ni diski.

Hii niliyoshika ni diski ngumu ya kawaida. Nimeifungua kwa sababu imeshakufa, msiionee huruma. Dada uliyekaa mbele, ipokee uitazame halafu umpe jirani. Mnaona sahani inayong'aa kama kioo? Juu yake kuna mkono mwembamba wa chuma, na kwenye ncha yake kuna kichwa, kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Diski ikifanya kazi, sahani huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na kile kichwa huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu bila kuigusa. Data zako zote zimeandikwa hapo kwa sumaku. Mimi bado nashangaa kwamba kitu kama hiki kinafanya kazi hata siku moja. Diski ya kwanza ya aina hii ilitoka kwa IBM mwaka 1956, ikiwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24 kila moja, na uwezo wa herufi milioni 5 hivi. Leo picha moja ya simu inaweza kuijaza.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana siri yote imo kwenye hesabu hii. Mizunguko 5,400 kwa dakika ni mizunguko 90 kwa sekunde. Kwa hiyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11. Faili unayoitaka inaweza kuwa upande wowote wa sahani, kwa hiyo kwa wastani kichwa husubiri nusu mzunguko, yaani milisekunde 5 na nusu. Kabla ya hapo mkono umeshasogea hadi kwenye mstari unaotakiwa, na katika diski za kompyuta mpakato mwendo huo huchukua kama milisekunde 12. Jumla ni 17 na ushee. Utasema milisekunde 17 si kitu, hata kope haijafumba. Ni kweli, kwa ombi moja. Lakini kwa maombi yanayokuja moja baada ya jingine, diski hii inajibu kama 60 tu kwa sekunde.

Na kompyuta inapowaka haisomi faili moja kubwa. Husoma maelfu ya vipande vidogovidogo vilivyotawanyika kila pembe ya sahani: herufi za maandishi, mipangilio, vipande vya programu, orodha ya vitu vya kuwasha. Kipande kimoja mara nyingi ni kilobaiti 4. Zidisha 4 kwa 60, unapata kilobaiti 240 kwa sekunde. Diski ambayo kwenye boksi imeandikwa kwamba inasoma megabaiti 100 kwa sekunde inakupa robo ya megabaiti! Boksi halikudanganya, lakini kasi ile ni ya faili moja ndefu iliyolala kwa mpangilio, kama filamu. Kuwasha kompyuta si kutazama filamu.

Wakati huo prosesa, ubongo wa kompyuta, inafanya nini? Inasubiri. Prosesa ya gigahezi 2 hupiga mapigo bilioni 2 kwa sekunde, kwa hiyo katika zile milisekunde 17 za kungoja kipande kimoja yameshapita mapigo milioni 34. Ndiyo maana nakataa kuiita mashine hii mzee. Imekaa tu, mikono kifuani, inangoja mkono wa chuma ufike. Nyamazeni kidogo mniruhusu niinue kompyuta karibu na kipaza sauti. Mnasikia ile krr, krr, krr? Ndio mkono huo unavyokimbizwa huku na kule.

Na tukiwa hapo hapo, tazameni skrini. Eneo la kazi limeonekana, na kaka pale nyuma ameshaanza kufurahi. Ngojeni nibofye kivinjari. Mnaona? Kimya. Picha imekuja, mashine haijaja. Tuiache.

Sasa sitaki mtu atoke hapa akanunue kitu kabla hajapima. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka, uende kwenye sehemu ya utendaji. Tumia kompyuta kama kawaida, ikikwama tazama namba. Diski ikiwa asilimia 100 na prosesa iko asilimia 10 au 15, ugonjwa umeupata, na dawa yake ni SSD, aina ya diski isiyo na sahani wala mkono, ambayo nitawaonyesha punde. Lakini prosesa ikiwa ndiyo asilimia 100 huku diski imetulia, SSD haitakusaidia. Anayehariri video au kukokotoa mahesabu mazito atabaki na prosesa yake ileile. Intaneti ya kobe itabaki ya kobe. Na feni iliyozibwa na vumbi huifanya prosesa ipate joto na kujipunguzia kasi yenyewe. Hiyo inatibiwa kwa brashi.

RAM, ile kumbukumbu ya muda ambamo mashine huweka kazi iliyo mkononi, ina ujanja wake. Ikijaa, mfumo huanza kuhamishia mambo kwenye diski kwa muda, na hapo diski huonekana ndiyo mkosaji kumbe imebebeshwa mzigo wa mwenzake. Mwenye RAM ya gigabaiti 4 akiniuliza aanze na lipi, mimi humwambia aanze na SSD, kisha aongeze RAM kama mashine inaruhusu. Wapo mafundi wanaosema kinyume. Tumebishana nao sana.

Hii SSD yenyewe ni nini basi? Hii hapa, pokeeni. Ni nyepesi, na ukiitikisa haina kinachocheza. Ndani hamna sahani wala mkono, ni chipu tupu za kumbukumbu ya fleshi, ndugu ya zile fleshi za USB ila yenye kidhibiti chenye akili zaidi. Fleshi ilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba. Aliitangaza mwaka 1984, na mwaka 1987 ikaja aina iitwayo NAND, ambayo ndiyo imo humu. Data huhifadhiwa kwa kunasa elektroni ndani ya vijumba vidogo sana, na zikishanaswa hubaki humo hata umeme ukizimwa. Kwa kuwa hakuna kinachotembea, hakuna cha kungojea. Kipande cha kilobaiti 4 kinapatikana ndani ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Rudini kwenye hesabu yetu: badala ya vipande 60 kwa sekunde, elfu 10. Kilobaiti 240 zinageuka kuwa megabaiti 40.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapokatishwa tamaa bure. Mtu husoma kwamba SSD ya SATA, yaani inayounganishwa kwa plagi ileile ya diski za kawaida, inafika megabaiti 550 kwa sekunde, halafu fundi anamwambia, "Kompyuta yako ina SATA ya pili, mwisho wake ni 300, utakuwa umepoteza fedha." Ni kweli kwamba SATA ya pili inaishia 300, na ya tatu 600. Lakini tumeona kazi ya kila siku ni vipande vidogo, na vipande hivyo vinakuja kwa megabaiti 40. Arobaini inapita kwenye mlango wa 300 bila hata kugusa fremu. Hata SATA ya kwanza kabisa, yenye mlango wa 150, inatosha. Utapungukiwa siku unahamisha faili la gigabaiti 20, na siku hiyo utavumilia. Kinachokuponya ni kule kuondoka kwa mkono wa chuma. Zile namba kubwa kwenye boksi ni za kuuzia.

Katika kununua, tazama umbo kwanza. Kompyuta nyingi za zamani zinapokea SSD ya inchi 2.5, ambayo inakaa palepale pa diski ya zamani na plagi ni zilezile. SSD nyingi zina unene wa milimita 7 ilhali diski nyingi za zamani ni milimita 9.5, kwa hiyo ikicheza kidogo, fremu nyembamba ya plastiki humaliza kazi. Kompyuta ya mezani huna haja ya kuumiza kichwa, SSD haina kinachozunguka, hata ukiifunga kwa skrubu mbili inatulia.

Mtego uko kwenye vile vijiti vya M.2, yaani SSD nyembamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama. Kwa macho vinafanana, milimita 22 kwa upana na mara nyingi 80 kwa urefu, lakini kimoja kinaweza kuwa cha SATA na kingine cha NVMe, njia mpya zaidi ya kuzungumza na SSD, na mashine inayokubali hiki inaweza kukikataa kile. Kwa kawaida cha SATA kina mikato miwili kwenye meno yake na cha NVMe kina mmoja, ila usinunue kwa kuhesabu mikato. Tafuta namba ya modeli ya kompyuta yako, usome mwongozo wake. Na zipo mashine ndogo za bei nafuu ambazo hifadhi yake imechomelewa kabisa kwenye ubao mama. Kwa hizo sina la kuwaambia, poleni.

Kuna na matapeli. Niliwahi kuletewa SSD ya nje iliyoandikwa terabaiti nyingi, kwa bei ya kukutoa machozi ya furaha. Nikaifungua. Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya simu, imebandikwa gundi kwenye kipande cha ubao, na kando yake kipande cha chuma cha kuongezea uzito ili mkononi ihisike ya maana. Ilikuwa imechezewa ili iiambie kompyuta kwamba ina terabaiti hizo zote, na uongo ungejulikana siku data zimeanza kuandikwa juu ya data. Kwa hiyo ukinunua hifadhi yoyote, ijaze mpaka pomoni kisha isome yote, kabla hujaiamini. Programu za bure kama H2testw na F3 zinafanya kazi hiyo tu.

Kuhusu ile hofu kwamba SSD huchakaa kwa kuandikwa: ni kweli, huchakaa. Lakini piga hesabu. SSD nzuri ya gigabaiti 250 inaweza kuwa na dhamana ya kuandikwa terabaiti 150. Ukiiandika gigabaiti 20 kila siku, na watu wengi hatufiki huko, mwaka mzima ni terabaiti 7.3. Gawanya mwenyewe. Ni miaka 20.

Sasa kazi yenyewe, na hapa nitaungama. Zamani nilikuwa mtu wa kunakili diski nzima: unaunganisha ya zamani na mpya kwa pamoja, unaiamuru programu ihamishe kila kitu kama kilivyo. Siku moja nilikuwa na diski mbili za ukubwa uleule, za mtu aliyeniamini. Programu ikaonyesha majina mawili yanayofanana, ikauliza chanzo ni ipi na lengo ni ipi. Nikachagua. Ikauliza, una hakika? Nikabonyeza ndiyo huku nikiongea na simu. Baada ya dakika kama mbili nikaona kitu kinachonitia wasiwasi: kazi inakwenda haraka mno. Nilikuwa nimeigeuza. Nilikuwa nanakili utupu wa diski mpya juu ya diski iliyojaa. Nilichomoa waya, lakini mwanzo wa diski ulikuwa umeshaliwa. Sehemu ya picha ziliokolewa kwa siku tatu za kazi, nyingine hazikurudi tena, na nilikwenda kumweleza mwenyewe ana kwa ana.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Kwanza, mafaili ya maana yananakiliwa kwenye hifadhi ya tatu ambayo haitaguswa kabisa siku hiyo, na nafungua machache nione kama yanafunguka. Pili, kama nanakili diski nzima, naandika namba za utambulisho za diski zote mbili kwenye karatasi, na karatasi inakaa mbele yangu. Programu iwe Clonezilla au nyingine, sibonyezi mpaka namba zilingane. Simu iko chumba kingine.

Lakini siku hizi napenda zaidi kusakinisha upya. Natoa diski ya zamani, naiweka pembeni ikiwa salama na data zake zote, nafunga SSD tupu, nasakinisha mfumo kutoka kwenye fleshi, kisha naiunganisha ya zamani kwa kebo ya USB na kuchukua ninachotaka. Kukosea inakuwa vigumu kwa sababu ya zamani haimo hata ndani ya mashine, na zile takataka za miaka minane haziji nawe kwenye nyumba mpya. Ukiamua kunakili, hakikisha BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga data za diski, imesitishwa kwanza au ufunguo wake wa kufungulia uko mkononi, la sivyo utafungiwa nje ya mlango wako mwenyewe.

Kabla ya kusakinisha, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile programu inayoiamsha mashine kabla ya Windows, utazame diski imewekwa kwenye hali gani. Mashine nyingi za zamani ziliachwa kwenye IDE, mtindo wa kale wa kuzungumza na diski, nawe unataka AHCI, ule mpya zaidi. Badilisha kabla, kwa sababu Windows iliyokwisha kusakinishwa inaweza kugoma kuwaka ukibadilisha baadaye. Kisha uhakikishe mfumo wako unaijua amri ya TRIM, ambayo huiambia SSD ni sehemu zipi zimefutwa ili izisafishe mapema. Windows inaijua tangu toleo la 7. Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, inaijua pia. Ile tabia ya zamani ya kupanga upya vipande vya diski, iacheni. Kwenye SSD haina faida, inaandika bure.

TRIM ina upande wake mchungu, nao husahaulika. Kwenye diski ya zamani faili uliyoifuta kwa makosa mara nyingi ilikuwa bado imelala pale, na fundi angeweza kuifufua. Kwenye SSD, ikishapita TRIM, imekwenda. Halafu diski ya zamani ikitaka kufa huwa inalalamika, inagonga, inakwaruza, inakupa wiki moja ya kujiandaa. SSD hufa kimya kimya: jana ilikuwepo, leo kompyuta haiioni. Kwa hiyo mwenye SSD anahitaji nakala rudufu kuliko mwenye diski ya zamani, na nashangaa wauzaji hawalisemi hili. Na ile diski mliyoitoa, iwekeni kwenye kava ya USB, itumieni, ila msiweke humo nakala pekee ya kitu chochote. Ni ya miaka mingi ileile mliyokuwa mnaikimbia.

Mama pale kulia ananyoosha mkono tangu muda. Ndiyo, mama. Anauliza kama ukiweka SSD utaweza kupata Windows 11. Hapana, mama yangu, SSD haibadilishi hilo. Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama ndani ya mashine, na prosesa za miaka ya karibuni, na Windows 10 ilifika mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine kama hii ushauri wangu ni Linux, yenye sura inayofanana na uliyoizoea. Kwa barua, intaneti na hati utaridhika. Ukiwa na programu moja ya kazini isiyokubali Linux, basi hesabu inabadilika, na huenda fedha ya SSD ikafaa kuwekwa akiba ya mashine nyingine. Nakwambia hivyo ingawa nimekuja hapa kuisifia SSD.

Haya, kile kivinjari nilichobofya kimefunguka sasa hivi, na kinaniuliza kama nataka kukiboresha. Sitaki. Ninaizima mashine, na kuizima nako mtaona kunachukua muda. Tukimaliza kungoja, tunachomoa chaja, tunatoa betri, halafu tunaigeuza. Kuna skrubu mbili zinazoshika kifuniko hiki kidogo, na nne ndani zinazoshika fremu ya diski. Ziwekeni kwa mpangilio mlivyozitoa, maana urefu haulingani, na ndefu ikiingia mahali pa fupi inatoboa isipostahili. Gusa kwanza chuma cha meza ili umeme tuli utoke mwilini. Diski huvutwa kwa upande kutoka kwenye plagi yake, haiinuliwi juu.

SSD niliyoizungusha imefika kwa nani? Irudisheni mbele, tayari nimeshaisakinishia mfumo. Na nahitaji mtu mmoja ambaye hajawahi kufungua kompyuta maishani mwake. Wewe kijana, usijifiche nyuma ya mwenzako, nimekuona. Njoo ushike bisibisi. Na mwingine atoe simu, aweke saa tayari, aanze kuhesabu kijana akibonyeza kitufe.